Shirikisho la Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila wakuu wa nchi wakitoka mkutanoni Arusha, neno shirikisho linarudi mitandaoni kwa siku tatu, kisha linapotea. Maswali ya siku hizo tatu ni yale yale, na majibu mengi ni ya kukisia. Haya hapa ni majibu yangu. Sina wadhifa wowote kwenye Jumuiya. Nimevuka mipaka yake kwa basi mara nyingi, na nimeusoma mkataba wake, jambo ambalo nakushauri nawe ulifanye kabla ya kugombana na Mkenya.

Shirikisho la kisiasa ni kitu gani? Jumuiya tuliyo nayo si ndiyo hiyo hiyo?

Hapana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mkataba kati ya nchi huru. Kila moja ina rais wake, jeshi lake, benki kuu yake na kiti chake Umoja wa Mataifa. Shirikisho ni nchi moja: kuna serikali ya juu inayotoza kodi na kutunga sheria zinazomfunga mtu wa Kigoma na wa Kisumu sawasawa, na nchi za leo zinabaki kama majimbo yenye mamlaka ya ndani. Katikati kuna kitu kinaitwa konfederesheni. Humo nchi zinabaki nchi, ila zinakabidhi mambo machache, tuseme ulinzi au mambo ya nje, kwa chombo cha pamoja.

Wanasiasa huyachanganya maneno haya, wakati mwingine kwa makusudi. Ukimsikia mmoja akisema "muungano wa kisiasa", muulize nani atakusanya kodi. Jibu lake litakuonyesha anasema kipi kati ya hivyo vitatu.

Wazo hili lilianza lini?

Kabla ya uhuru. Kenya na Uganda ziliunganishwa kiforodha mwaka 1917, Tanganyika ikaingizwa katika miaka ya 1920, na shilingi iliyolipa nauli Mombasa ndiyo iliyonunua chumvi Mwanza, maana Bodi ya Sarafu ilikuwa moja. Baadaye reli, posta na mahakama ya rufaa navyo vikawa vya pamoja. Mwingereza hakufanya hivyo kwa kutupenda, alikuwa anapunguza kazi ya kutawala. Ndiyo maana Waafrika wa Uganda na Tanganyika wa enzi hizo wakisikia shirikisho, walichosikia ni walowezi wa Kenya wanakuja kuwakalia.

Mwaka 1960 Nyerere alisema yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi zijitawale pamoja. Nadhani aliliona jambo ambalo wengi hawakuliona: nchi ikishapata bendera, mawaziri na mabalozi, tayari kuna watu ambao vyeo vyao vinategemea isiungane na nyingine. Tarehe 5 Juni 1963, Nairobi, Nyerere, Kenyatta na Obote walitoa tamko kwamba shirikisho litaundwa kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Uganda ilisita kuliko wenzake: ilitaka sauti yake katika mambo ya nje, na nyumbani suala la Buganda lilikuwa halijatulia.

Jumuiya ya kwanza ilivunjwa na nani, Amin, ubepari wa Kenya au Ujamaa?

Inategemea unamuuliza mzee wa upande gani wa mpaka. Mimi nasema iliuawa na hesabu, na ugomvi wa viongozi ukaja kuizika.

Jumuiya ya 1967 ilikuwa imefika mbali kuliko hii ya sasa. Shirika la ndege lilikuwa moja, reli moja, bandari moja, posta na simu moja. Makao makuu waligawana: ndege na reli Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala pamoja na Benki ya Maendeleo, sekretarieti Arusha. Walioandika mkataba walijua kwamba viwanda vingi viko Kenya na wenzake watalalamika, kwa hiyo wakatafuta dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa kodi ya uhamisho, ambayo Tanzania na Uganda ziliruhusiwa kuitoza baadhi ya bidhaa za viwanda vya Kenya. Ya pili ilikuwa ile Benki ya Maendeleo, iliyotakiwa kuwekeza asilimia 38.75 Tanzania, asilimia 38.75 Uganda na asilimia 22.5 tu Kenya. Zitazame hizo nukta. Hapo kuna watu walikesha wakibishana.

Dawa haikutosha. Wakenya waliona wanaadhibiwa kwa kufanikiwa, Watanzania waliona wamegeuzwa soko. Kisha Januari 1971 Amin akapindua serikali ya Obote kule Uganda, Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, na kwa kuwa chombo cha juu kabisa cha Jumuiya kilikuwa ni marais watatu wenyewe, chombo hicho kikakosa kikao. Mashirika yakaendelea kwa mazoea. Fedha zilizokatiwa tiketi kwenye vituo vya reli vya nchi hii zikaacha kupelekwa makao makuu nchi ile. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege likasimama, ndege nyingi zikiwa Nairobi. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ikazuia magari ya watalii na ndege ndogo zilizokutwa upande wake. Mpaka ulikuja kufunguliwa 1983, na makubaliano ya kugawana mali na madeni yakatiwa saini Arusha Mei 1984, baada ya Mswisi Victor Umbricht kusuluhisha kwa miaka.

Walioumia kwa muda mrefu hawakuwa marais. Waliokuwa makarani, mafundi wa reli na watumishi wa ndege wa Jumuiya waliendelea kuandamana Dar es Salaam wakidai mafao yao miaka zaidi ya 30 baada ya kuvunjika. Vijana waliokuwa wakipita kwenye daladala waliwashangaa: wazee wa Jumuiya gani tena?

Tuna lugha moja na mila zinazofanana. Nchi za namna hiyo si huungana kirahisi?

Natamani ingekuwa hivyo. Kwa bahati mbaya mifano iliyomo ndani ya Jumuiya yetu wenyewe inakataa.

Chukua Somalia. Watu wa lugha moja na dini moja, Somaliland ya Mwingereza na Somalia ya Mwitaliano, waliungana tarehe 1 Julai 1960 kwa shangwe. Kesho yake asubuhi ofisi za kaskazini zilikuwa zinaandika Kiingereza na za kusini Kiitaliano, sheria zilikuwa mbili, na Kisomali chenyewe hakikupata maandishi rasmi mpaka 1972. Mji mkuu ukawa Mogadishu, vyeo vikubwa vikaenda huko, watu wa Hargeisa kule kaskazini wakajiona wageni waalikwa. Baada ya udikteta na mabomu, Mei 1991 Somaliland ikatangaza kujitenga.

Au chukua Rwanda na Burundi. Mnyarwanda na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Walitawaliwa pamoja kama Ruanda-Urundi, wakapata uhuru siku moja, 1 Julai 1962, wakatoka nchi mbili. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Kama lugha ingetosha, hawa ndio wangekuwa wa kwanza.

Sisemi lugha haina kazi. Kiswahili kinampa dereva wa lori uwezo wa kulala Mombasa, kula Malaba na kugombana na fundi Kampala bila kutafuta mtu wa kumsemea. Kinapunguza woga. Kuna ule utani kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikaugua Kenya, kikafia Uganda na kuzikwa Kongo. Utani mtamu, lakini huyo marehemu anaongewa na mamilioni ya watu kuanzia Bukavu hadi Lubumbashi, na sijaona maiti mwenye afya kama hiyo. Ninachosema ni kwamba lugha inasaidia watu kuelewana wanapozungumza, haiwaambii wagawane vipi ushuru wa bandari.

Basi Kiswahili kimeshakuwa lugha rasmi ya Jumuiya au bado?

Mkataba wa 1999 uliitaja lugha rasmi kuwa Kiingereza, na Kiswahili kikapewa kazi ya kuendelezwa kama lugha ya mawasiliano. Julai 2022 wakuu wa nchi wakaridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pia. Kamisheni ya Kiswahili ipo, makao yake Zanzibar. Ila nyaraka nzito bado utazikuta kwa Kiingereza, na kuna mikutano ya kuendeleza Kiswahili inayoendeshwa kwa Kiingereza. Cheka tu.

Muungano wa Tanganyika na Zanzibar si mfano kwamba inawezekana?

Ni mfano, na ndio uliodumu kuliko mingine mingi iliyojaribiwa Afrika. Misri na Syria ziliungana 1958 zikaachana 1961. Senegal na Gambia zilianza Senegambia 1982, ikafa 1989. Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, siku nne baadaye ukawa halali, na bado upo.

Lakini usome vizuri jinsi ulivyodumu. Mambo ya Muungano yalianza 11. Orodha iliyo kwenye Katiba leo ina 22. Kila lililoongezwa liliacha mtu Unguja au Pemba akiuliza nani aliulizwa. Serikali ni mbili: ya Zanzibar inashughulikia mambo ya Zanzibar, na ya Muungano inabeba mambo ya Muungano pamoja na ya Tanganyika, kwa hiyo Mzanzibari haoni serikali ya Muungano inaishia wapi na ya Bara inaanzia wapi. Wapo na wa Bara wanaouliza Tanganyika yao ilikwenda wapi. Mwaka 1993 wabunge 55 walilibeba swali hilo hadi bungeni. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilipopendekeza serikali tatu, Bunge Maalumu la 2014 likarudi kwenye mbili.

Kwa karibu, Muungano huu unauona ukishuka boti bandarini Dar es Salaam ukiwa umebeba televisheni uliyonunua Darajani. Umeshalipa kodi Zanzibar, uko ndani ya nchi moja, na bado unaweza kuvutwa pembeni uulizwe tofauti ya ushuru. Hizo ndizo zinaitwa kero za Muungano. Zanzibar hadi leo watu humnukuu Mzee Karume kwamba Muungano ni koti, likibana unalivua. Sasa ikiwa nchi mbili, tena moja ndogo, zinabishana kuhusu televisheni kwa miaka sitini, fikiria nchi nane.

Nane? Ni zipi?

Kenya, Tanzania na Uganda zilizoanzisha upya Jumuiya kwa mkataba wa 30 Novemba 1999. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia ikakamilisha uanachama 2024.

Tumefika wapi katika safari ya shirikisho?

Mkataba umeweka ngazi nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, sarafu moja, kisha shirikisho. Forodha ilianza 2005, soko la pamoja 2010. Itifaki ya sarafu moja ilitiwa saini 2013.

Kuhusu ngazi ya mwisho, mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Amos Wako, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, ilipendekeza mwendo wa haraka ambao ungetupa rais wa shirikisho mwaka 2013. Maoni ya wananchi yalipokusanywa, Watanzania wengi wakasema haraka ya nini. Walitukanwa kwa hilo, wakaitwa waoga. Mimi naona walikuwa na kumbukumbu tu. Mei 2017 marais wakashuka chini kidogo: tuanze na konfederesheni. Wataalamu wa kuandika rasimu ya katiba yake, chini ya Jaji Mkuu mstaafu wa Uganda Benjamin Odoki, walianza kukusanya maoni Burundi mwaka 2020 na wakafika Kenya 2023.

Nani atakuwa rais?

Hili huulizwa kwanza na lina umuhimu mdogo kuliko mengine yote. Leo uenyekiti unazunguka kwa marais walio madarakani, na katika konfederesheni unaweza kuendelea hivyo hivyo bila rais mpya kabisa.

Sarafu moja itakuja lini?

Ilikuwa ije 2024. Sasa wanasema 2031. Masharti yake yanajulikana: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisizidi asilimia 50, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Kenya imeshavuka kiwango hicho cha deni. Sudan Kusini na mfumuko wa bei ni habari nyingine. Kuharakisha hapa ni kumpa jirani mwenye madeni kadi yako ya benki.

Wakenya watachukua ardhi ya Tanzania?

Hofu hii ni ya kweli na siidharau, lakini kwa sheria zilizopo jibu ni hapana. Itifaki ya Soko la Pamoja iliacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Tanzania ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Kenya yenyewe asiye raia hapati zaidi ya hati ya kupanga ya miaka 99. Katiba ya shirikisho ndiyo ingeweza kubadili haya, na hapo ndipo pa kukaza macho.

Kama ni soko la pamoja, mbona mpakani bado nasumbuliwa?

Kwa sababu marais husaini na maofisa hutekeleza, na kati yao kuna umbali.

Yapo yaliyobadilika. Vituo vya pamoja vya mpakani vimepunguza kazi: Namanga unagongewa muhuri wa kutoka dirisha hili na wa kuingia dirisha linalofuata, ukumbi mmoja. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kati yao kwa kitambulisho tangu 2014. Lakini nchi ikibanwa kisiasa au kibiashara, soko la pamoja ndilo la kwanza kusahauliwa. Mwaka 2017 Tanzania ilichoma moto vifaranga 6,400 kutoka Kenya kwa hoja ya mafua ya ndege. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Rwanda ilifunga Gatuna, kwenye mpaka wake na Uganda, kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022. Julai 2025 Tanzania ikapiga marufuku wasio raia kufanya biashara 15 ndogo ndogo, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu na ufundi simu, na Wakenya wakauliza kama wao nao ni wageni.

Mpaka mmoja, sitautaja, nilikaa foleni nyuma ya mama mwenye viroba vitatu vya vitunguu. Akaulizwa cheti cha uasili wa bidhaa, yaani cha kuonyesha zimetoka nchi gani. Hajui ni nini. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kipo cheti rahisi, cha kujaza ukurasa mmoja tu, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye, na kinatolewa hapo hapo mpakani. Hakuna aliyemwambia. Aliondoka foleni bila kelele, akaita bodaboda, viroba vikapita njia ya panya. Nilipotoka upande wa pili nilimkuta ameshaanza kuuza.

Na vita vya Kongo?

Ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Kongo inaituhumu Rwanda kwamba inawabeba waasi wa M23, Rwanda inakana, na zote mbili ni wanachama. Jeshi la Jumuiya liliingia mashariki mwa Kongo Novemba 2022 likaondoka Desemba 2023 kwa kuwa Kinshasa haikutaka liendelee. Januari 2025 M23 wakaichukua Goma. Kikao cha pamoja cha Jumuiya na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kikaitwa Dar es Salaam mwezi uliofuata. Maamuzi ya wakuu wa nchi hupita kwa kukubaliana wote, kwa hiyo mtuhumiwa na mlalamikaji wote wana turufu. Ni kosa lile lile la 1971 kwa sura nyingine, na rasimu yoyote ya katiba isiyoligusa sitahangaika kuisoma.

Nchi ikichoka, inaweza kujitoa?

Kwenye Jumuiya, ndiyo: bunge lake lipitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha itoe taarifa ya miezi 12. Kwenye shirikisho inategemea mtakavyoandika, na ni afadhali muandike mapema. Hati za Muungano wa 1964 hazina kifungu cha kutoka.

Wewe mwenyewe unalitaka?

Ndiyo. Ila nalitaka polepole, na liende kwa kura ya maoni katika kila nchi, siyo kwa tamko la Juni jingine.

Mimi raia wa kawaida nifanye nini maoni yangu yasikike?

Kila nchi ina wabunge tisa wa kuchaguliwa kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Huwachagui wewe, wanachaguliwa na bunge lako la taifa, na ndiyo sababu huwajui. Watafute majina, waandikie. Njia ya pili ina meno zaidi: Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama anaweza kuipeleka serikali pale kwa kuvunja mkataba, bila kwanza kumaliza mahakama za nyumbani, mradi asizidishe miezi miwili tangu jambo litokee au alijue. Kikomo hicho cha miezi miwili hakikuwemo mwanzoni. Mwaka 2006 mwanasiasa wa Kenya Anyang' Nyong'o na wenzake waliishtaki Kenya kuhusu jinsi ilivyopata wabunge wake wa Afrika Mashariki, Mahakama ikawazuia wasiapishwe, na kabla ya mwezi kwisha marais wakawa wameshakaa na kuurekebisha mkataba, kikomo hicho kikiwemo.